Vioo vya Kukusanya Jua

Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi isiyo na wingu, humwaga juu ya kila mita moja ya mraba nguvu inayokaribia wati 1,000, ambayo ni sawa na nguvu ya jiko dogo la umeme lililofunguliwa mpaka mwisho. Na madhali nchi zetu za Afrika Mashariki zimelala juu ya mstari wa ikweta na kandokando yake, neema hiyo haitujii kwa msimu mmoja tu kama iwajiavyo watu wa nchi za baridi, bali hutushukia karibu mwaka mzima, siku za mvua na mawingu zikitolewa. Pamoja na wingi huo, sufuria ya maji iliyoachwa uani tangu asubuhi haichemki. Maji yake yatapata uvuguvugu, na bati lake pengine litauchoma mkono wa mwenye kuligusa, lakini kuchemka hayatachemka, kwa sababu joto la jua limetandazwa juu ya ardhi yote kwa usawa, na sufuria yenye upana wa sentimita 20 haipati ila fungu la upana wake, yaani wati 30 hivi, ambazo upepo huzichukua kadiri zinavyoingia. Basi atakaye kupika kwa jua kazi yake ni kuyachukua mafungu ya mahali papana na kuyamimina yote mahali padogo, na chombo cha kazi hiyo, kilichojulikana kwa wanadamu tangu zamani za kale, ni kioo kilichobonyea.

Kanuni inayoitawala kazi hiyo ni nyepesi kufahamika. Mwali wa nuru ukipiga juu ya kioo hurudi kwa pembe ileile uliyojia, na mtoto yeyote aliyepata kucheza na kipande cha kioo akizimulika kuta za majirani anaijua kanuni hiyo kwa amali, ijapokuwa hajafundishwa darasani. Kioo kimoja bapa hakizidishi joto. Hulihamisha tu kutoka mahali hadi mahali. Lakini vioo bapa 30 vikielekezwa vyote mahali pamoja hupapa mahali hapo joto la karibu mara 30, pungufu ya kile kinachopotea, kwa maana hakuna kioo kirudishacho nuru yote: kioo kizuri kilicho safi, na hata karatasi ya alumini, hurudisha takriban sehemu 85 katika 100, na vumbi likitanda juu yake hupungua upesi. Ikiwa badala ya kuvipanga vioo vingi tutakipa kioo kimoja umbo la bakuli, kazi ile hufanywa na kipande kimoja. Ila hapo ndipo penye hikima iliyowashughulisha wanachuoni kwa karne nyingi, kwani si kila bakuli lifaalo. Bakuli lililokatwa katika mpira wa mviringo kamili haliikutanishi miale yote mahali pamoja, bali ile inayopiga ukingoni hukutana karibu zaidi na kioo kuliko ile inayopiga katikati, na joto likatawanyika. Umbo linaloikutanisha miale yote ya jua katika nukta moja, ambayo wataalamu wa nuru huiita fokasi, ni lile la parabola.

Wayunani waliijua habari hiyo, na risala ya mwanahesabu wao Diocles juu ya vioo vya kuunguza tunayo leo kwa sababu tu Waarabu waliifasiri, maana asili yake ya Kiyunani imepotea. Huko Baghdad, kiasi cha mwaka 984, Ibn Sahl alitunga kitabu juu ya vyombo vya kuunguza kwa nuru, akaeleza maumbo ya vioo na ya lenzi yapasayo kazi hiyo. Na baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri mpaka kufa kwake mnamo mwaka 1040, akaandika risala mbili mbalimbali, moja juu ya kioo kilichokatwa katika mpira na ya pili juu ya kioo cha parabola. Insafu yataka tuwataje hao kabla ya kuutaja ule mkasa wa Archimedes kuziunguza kwa vioo merikebu za Warumi mbele ya mji wa Syracuse, mkasa ambao kila mtu ameusikia, ilhali wanahistoria wa kale waliosimulia kuzingirwa kwa mji huo, akina Polybius na Livy, hawakutaja kioo hata kimoja.

Sehemu ya habari hii inayonipendeza kuliko zote ni kwamba umbo hilo, ambalo ulamaa wakubwa walilihangaikia kwa hoja ndefu za jiometri, fundi seremala wa mtaani aweza kulichora kwa rula na penseli. Achague kwanza umbali anaoutaka wa fokasi kutoka kitako cha bakuli, auzidishe mara nne, aiweke kando hesabu hiyo. Kisha kwa kila nukta, umbali wake kutoka katikati auzidishe kwa wenyewe na kuugawanya kwa hesabu aliyoiweka, na jawabu litakuwa ndicho kimo ambacho nukta hiyo yapasa kuinuka juu ya kitako. Tuseme fokasi iwe sentimita 45, ambayo mara nne yake ni 180. Katika umbali wa sentimita 15 kutoka katikati, bakuli litainuka sentimita 1 na robo. Katika umbali wa 30, sentimita 5. Katika 45, sentimita 11 na robo. Na ukingoni, katika umbali wa 60, sentimita 20. Nukta hizo zikiunganishwa kwa mstari laini usio na kigongo, imepatikana parabola ya bakuli lenye upana wa sentimita 120. Na aliyekuta bakuli lililokwisha kutengenezwa, kama ule ungo wa televisheni wa zamani, mkubwa na wa duara, unaotupwa na wenyewe, naye ataka kujua fokasi yake iko wapi, apime upana wake, auzidishe kwa wenyewe, augawanye kwa mara 16 ya kina chake: 120 kwa 120 ni 14,400, kina cha 20 mara 16 ni 320, na 14,400 kwa 320 ni 45, vilevile kama tulivyoanza.

Umbo likishachorwa hukatwa katika ubao mwembamba likawa kiolezo. Fundi husimamisha fimbo ya chuma katikati ya kiwanja kilichosawazishwa, hulundika udongo mbichi pande zake zote, kisha hukizungusha kiolezo kwa kukishikiza katika fimbo hiyo, kikiupara udongo mpaka lundo zima linakuwa kuba laini. Kuba likikauka hufunikwa karatasi ya nailoni, na juu yake hutandikwa wavu wa kuku na saruji nyembamba, au, kwa atakaye bakuli jepesi la kubebeka, vipande vya magazeti vilivyolowekwa katika gundi ya unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka. Likishashikamana na kukauka huinuliwa na kupinduliwa, na ule upande uliokuwa umelalia udongo ndio unaobandikwa vioo, kwa kuwa ndio uliolichukua umbo la kiolezo barabara, wala haidhuru upande wa nje ukiwa na matuta. Nchini China, ambako majiko ya jua ya parabola ni mengi kuliko katika nchi nyingine yoyote, mabakuli mengi yamefanywa hivyo kwa saruji na vipande vya vioo, hasa katika mikoa mikavu kama Gansu, ambako kuni ni adimu na jua ni kali.

Msomaji aweza kuuliza vipi vipande vya vioo bapa vitafanya kazi ya umbo lililopinda. Jawabu ni kwamba kipande chenye upana wa sentimita 5 hutupa katika fokasi doa la nuru linalokizidi upana kwa kidogo sana, na sufuria, ambayo kitako chake ni sentimita 20, humeza madoa yote hayo na nafasi ikabaki. Kosa la kubandika nalo husamehewa: kipande kikiinama kwa digrii moja isivyopasa, mwali wake utapotoka kwa digrii mbili, na hata ukiwa umetoka ukingoni utaikosa fokasi kwa sentimita mbili na kitu tu, hivyo bado utaipiga sufuria. Darubini ya watu wa falaki haiwezi kuvumilia makosa hayo hata kwa sehemu ndogo ya unywele, lakini jikoni yanavumilika, na kwa ajili hiyo nasadiki kwamba kazi hii ni ya karakana ya mtaani kabisa, wala haihitaji kiwanda.

Bakuli tulilolichora lina eneo la zaidi kidogo ya mita moja ya mraba. Tukikadiria kwamba nusu ya nguvu hupotea, kwa vioo visivyorudisha nuru yote, kwa miale inayokosa shabaha na kwa upepo unaoipoza sufuria, bado zinabaki wati 500 zinazoingia katika chakula, na hizo huzichemsha lita 3 za maji ya kawaida kwa muda wa nusu saa hivi. Sufuria iwe nyeusi kwa nje na yenye kifuniko. Ile iliyofunikwa na masizi ya miaka mingi, ambayo mama mwenye nyumba angeona haya kuwaonyesha wageni, hapa huishinda iliyosuguliwa kwa mchanga ikametameta, kwani kinachometameta huirudisha nuru ilikotoka. Ili kulielekeza bakuli, hupigiliwa kijiti wima kinachotazama upande uleule linaotazama bakuli, na bakuli hugeuzwa mpaka kivuli cha kijiti kimetoweka; na kwa kuwa jua husafiri digrii 15 kwa saa, karibu kila robo saa hapana budi kuligeuza tena. Huku kwetu jua la mchana husimama karibu na utosi, kwa hiyo bakuli hulala likitazama juu na sufuria huning'inia juu yake, moto ukipanda kutoka chini kama sufuria ilivyozoea. Watu wa Ulaya, ambao jua lao hutembea chini mbinguni, hulazimika kuliinamisha mno.

Sina budi kusema kwa mkazo juu ya hatari yake, maana chombo hiki hakina moshi wala mwako, na mtu hujisahau kwamba ni moto. Fokasi ya bakuli zuri huunguza mbao na nguo kwa muda mfupi, nayo haionekani hewani mpaka imepata kitu cha kuipinga. Anayepika asiutazame mng'ao wa bakuli kwa macho matupu, avae miwani ya jua iliyo nzito, na asimame upande wa kivuli anapokoroga. Bakuli lisipotumika lifunikwe au lilazwe kifudifudi, lisiachwe kabisa likiangalia mbingu uani, kwani jua litalifikia lenyewe bila kuitwa na kuitafuta paa ya makuti au nguo zilizoanikwa. Wenye watoto wadogo na wafanye bakuli lenye kina zaidi kuliko lile la mfano wetu: kina kikiwa robo ya upana, fokasi huwa sawasawa na ukingo, na kikizidi hapo fokasi hujificha ndani ya bakuli, mahali ambapo si rahisi mtu kuingiza uso au mkono kwa bahati mbaya.

Ikiwa elimu ni ya kale na kazi ni nyepesi, mbona dunia haipiki kwa vioo? Wengi hujibu kwamba joto lake halitoshi, na hao wamekosea. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1878, mwalimu wa hesabu wa Ufaransa, Augustin Mouchot, aliendesha mtambo wa mvuke kwa kioo kikubwa chenye umbo la pia, na kwa joto hilohilo la jua akafanya barafu mbele ya macho ya watu. Mwaka 1913, huko Maadi, kusini ya Cairo, Mmarekani Frank Shuman alipanga mifereji mitano ya vioo vya parabola, kila mmoja ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 60, ikapandisha maji ya Nile kwa ajili ya mashamba. Na katika kijiji cha Odeillo, milimani kusini ya Ufaransa, tanuri la vioo la tangu mwaka 1970 hupita nyuzi 3,000 za joto, ambazo chuma hakiwezi kuzihimili. Mtambo wa Mouchot uliangushwa na makaa ya mawe yaliyokuwa rahisi, na ule wa Maadi ukakutana na vita vya mwaka 1914. Majiko ya nyumbani yaliangushwa na jambo jingine. Katika miaka ya 1950 Maabara ya Taifa ya Fizikia ya New Delhi ilibuni jiko la parabola kwa ajili ya nyumba za India, likatolewa kuuzwa, na watu hawakulitaka, kwa kuwa lilimtaka mpishi aache jiko lake alilolizoea, atoke nje saa za jua kali, asimame mbele ya mng'ao, na kila baada ya dakika chache aache kukoroga ili ageuze bakuli. Rai yangu ni kwamba mpishi huyo alikuwa na haki, na kwamba kosa lilikuwa la wale waliobuni chombo kwa kuifikiria sufuria peke yake.

Aliyelitatua fumbo hilo ni Wolfgang Scheffler, mwanafizikia, na inatupasa sisi wa pande hizi kujua kwamba kioo chake cha kwanza kilichofanya kazi vizuri kilijengwa mwaka 1986 katika kituo cha misheni kaskazini ya Kenya. Badala ya kutumia bakuli zima, Scheffler alichukua kipande cha ubavuni mwa parabola kubwa, na kipande cha namna hiyo hutupa nuru yake pembeni, mbali na kioo chenyewe. Kisha akakiweka kizunguke juu ya mhimili uliolala sambamba na mhimili wa dunia, kikiendeshwa kwa mwendo wa saa, digrii 15 kwa saa moja, hivyo kioo hulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni ilhali fokasi yake imetulia mahali pamoja. Na kwa kuwa njia ya jua hubadilika majira kwa majira, kiunzi cha chuma kinachobeba vioo hupindwa kidogo kwa kurekebishwa miguu yake, ili umbo lilingane na majira. Fokasi isiyohama yaweza kuwekwa ndani ya nyumba. Kioo hukaa uani upande wa pili wa ukuta, nuru huingia kwa dirisha dogo, kioo kingine kidogo huipokea na kuigeuza juu chini ya sufuria, na mpishi husimama kivulini mbele ya jiko lake, akikoroga kama alivyofundishwa na mama yake. Kiunzi hutengenezwa kwa vyuma bapa, nondo na mabomba, vitu ambavyo kila fundi wa kuchomelea vyuma anavyo karakanani, na mwenyewe Scheffler hakuufungia ubunifu wake kwa hati miliki, bali alizunguka akiwafundisha mafundi wa nchi mbalimbali.

India, iliyolikataa jiko la kwanza, ililipokea hili. Katika makao ya jumuiya ya kiroho ya Brahma Kumaris karibu na Mount Abu, vioo 84 vya Scheffler vilivyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990 hutengeneza mvuke wa kupikia maelfu ya watu kwa siku. Na katika mahali pa hija pa Tirumala na Shirdi yalijengwa majiko ya namna hiyohiyo ya kulisha makundi makubwa ya wasafiri. Mbegu iliyopandwa katika ukame wa kaskazini ya Kenya imezaa matunda yake mengi ng'ambo ya bahari, na mimi huona uchungu kwamba shule zetu za bweni, ambazo kila wiki hupakuliwa magari ya kuni kwa ajili ya maharage na uji, hazijaijua habari hiyo.

Majumbani mambo ni tofauti kidogo. Kuanzia mwaka 1995, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma huko Turkana, familia kwa maelfu zilifundishwa kupika kwa majiko mepesi ya katoni iliyobandikwa karatasi ya alumini, sufuria nyeusi ikifungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hayo hupika polepole bila kugeuzwa mara kwa mara, wala hayaunguzi. Bakuli la parabola lina haraka zaidi, na huku kwetu nafasi yake ni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Maharage, kunde, makande, viazi, na hasa maji ya kunywa, huyamudu vizuri. Na maji hayahitaji hata kuchemka, kwani yakifika nyuzi 65 na kudumu hapo kwa muda, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa. Ugali wa kusongwa kwa nguvu juu ya kiunzi chembamba ni taabu, na chai ya alfajiri, daku na chakula cha usiku vitabaki kwa moto. Anayeahidi kwamba kioo kitaliondoa jiko la mkaa nyumbani hasemi kweli. Kinachowezekana ni kulipumzisha mchana, na mchana ndio wakati maharage hukaa motoni saa nyingi na kula gunia la mkaa kuliko chakula kingine chochote.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu wa shule za bweni, waganga wakuu wa hospitali za wilaya na wakuu wa vyuo vya ufundi waianze kazi hii wao kwanza, kwa kuwa wao wana sufuria kubwa, uwanja mpana na wanafunzi wenye mikono: chuo kikate kiolezo kimoja cha ubao kwa uangalifu, mwalimu wa hesabu akikague kwa rula, bakuli la kwanza lifyatuliwe juu ya udongo, na lipimwe kwa lita 3 za maji siku ya jua kabla ya kutiwa maharage. Jiko la Scheffler lifuate baadaye, mafundi wakiwa wameshaizoea parabola.